Mwalimu wa Jiografia Aanzie Mazingara

Tangu Januari 2024 mtoto wa darasa la tatu katika shule zetu za msingi anafundishwa somo liitwalo Jiografia na Mazingira. Si jambo dogo. Somo la jiografia limepata misukosuko mingi katika nchi hii. Katika miaka ya 1990 lilitiwa ndani ya Maarifa ya Jamii pamoja na historia na uraia. Mitaala ya mwaka 2005 ikalirudishia jina lake. Miaka kumi baadaye likarejeshwa tena katika Maarifa ya Jamii. Sasa, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, limetoka likiwa limeshikana mkono na mazingira, na watoto walioanza nalo mwaka 2024 ndio wa kwanza katika safari ya elimu ya msingi ya miaka sita, inayotimia mwaka 2027.

Serikali imetunga sera, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeandika mitaala na vitabu. Kwa hayo inastahili sifa, nasi hatuna choyo ya kusifu. Lakini hapana budi tuulize: mwalimu aliyesimama mbele ya watoto hao amepewa nini mkononi?

Swali hili lingeweza kuulizwa popote nchini. Sisi tunaliuliza kwa ajili ya wilaya za Handeni na Korogwe, na hasa kwa kata kama Mazingara, iliyo mbali na makao makuu ya mkoa na mbali zaidi na wale wanaoandika vitabu. Watu hutania kwamba jina la Mazingara na neno mazingira vimepishana kwa herufi moja tu. Utani huo una ukweli ndani yake, kwa maana ukitafuta mahali pa kufundishia somo hili huna haja ya kwenda mbali.

Hali ilivyo yajulikana. Mwalimu wa shule ya msingi hupewa kitabu cha mwanafunzi, kiongozi cha mwalimu na muhtasari. Ramani ukutani, kama ipo, ni ya dunia au ya Afrika, na pengine imechakaa hata Bahari ya Hindi imekuwa na rangi ya vumbi. Kipima mvua hakipo, dira haipo, na ramani ya wilaya yake mwenyewe hajapata kuishika. Mafunzo aliyoyapata chuoni yalikuwa ya somo jingine, lile la Maarifa ya Jamii, na mafunzo kazini humfikia kwa siku moja au mbili.

Hatusemi kwamba hakuna linalofanyika. Ule mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wenyewe huuita MEWAKA, una wazo jema kabisa: walimu wa shule moja, au wa shule zinazopakana, wakutane katika jumuiya ya kujifunza, waulizane na kusaidiana bila kungoja mgeni kutoka mjini. Mkoa wetu wa Tanga umo pia katika mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, unaogharimiwa na Uingereza. Taabu ni kwamba jumuiya ya kujifunza yahitaji kitu cha kujifunza. Walimu wanne wakikutana chini ya mwembe, nao wote wanne hawana ramani, watabadilishana nini? Na wakiambiwa kwamba masomo yamo katika mtandao, bando la simu hununuliwa kwa mshahara wa nani?

Hapo ndipo penye shauri letu. Twaona kwamba mwalimu wa jiografia wa Handeni na Korogwe yafaa afundishwe, kwanza na kwa mapana, jiografia ya Handeni na Korogwe. Na vifaa vya kufundishia vitoke katika ardhi hii anayoikanyaga kila siku. Watu wengine watasema kwamba huu ni ushamba, kwamba mtoto wa leo yampasa ajue dunia. Ajue, naam. Lakini dunia hiyo inapita hapa hapa, na yule asiyeisoma kwenye uwanja wa shule yake hataisoma kwenye picha.

Tuchukue jua. Vitabu vyote vya jiografia hueleza kwamba jua la mchana huwa utosini kwenye ikweta mwezi Machi na mwezi Septemba. Mtoto hukariri. Handeni na Korogwe ziko yapata nyuzi 5 na ziada kusini mwa ikweta, na kwa hiyo kwetu jua hupita utosini karibu na tarehe 7 Machi na tena karibu na tarehe 7 Oktoba. Siku hizo kijiti kilichosimikwa wima uwanjani hukosa kivuli mchana. Vilevile, saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, ilhali Handeni iko karibu na nyuzi 38. Ndiyo maana jua letu hufika kati ya anga, kwa wastani wa mwaka, si saa sita kamili bali dakika 28 hivi baadaye. Somo zima la longitudo, latitudo na mzunguko wa dunia limo katika kijiti kimoja, na kijiti hakina bei.

Sisi tuliopita chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kushika madaftari ya shule twakumbuka kwamba kivuli tulikuwa tukikipima tayari. Adhuhuri huingia jua linapopinduka, na alasiri kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukikiondoa kile kilichokuwapo mchana. Mtoto wa Kizigua au wa Kisambaa aliyelelewa hivyo huja shuleni na elimu ya falaki mfukoni, nasi tunamwambia aiweke kando afungue ukurasa wa kumi na mbili. Mwalimu aliyefunzwa vizuri angemwambia ailete mbele.

Tuchukue mto. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hukaa kitambo katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huteremka ukiacha Usambara upande wake wa kushoto, hupita Korogwe, hupokea maji ya Lwengera, huzungusha mitambo ya Hale iliyojengwa mwaka 1964 na ile mipya ya Pangani ya mwaka 1995, kisha huingia baharini. Maji yake ndiyo yanayovutwa kutoka upande wa Korogwe na kupandishwa Handeni kwa mradi wa zamani wa HTM, na ndiyo yanayotegemewa katika ule mradi wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo kutoka India. Mwulize mtoto maji hayo yanatoka wapi, atajibu: theluji ya Kilimanjaro. Mwulize na mwalimu, huenda akajibu vivyo hivyo, maana ndivyo alivyosikia. Ukweli ni kwamba theluji ile ina mchango mdogo sana. Sehemu kubwa ya maji hutokana na mvua inyeshayo katika ukanda wa msitu wa mlima. Tofauti ya majibu hayo mawili si ya kitaalamu tu. Anayedhani kwamba maji yake yanatoka kwenye theluji ataona kwamba hana la kufanya ila kusikitika. Anayejua kwamba yanatoka msituni atajua kwamba msitu una mlinzi na una mharibifu, na kwamba wote wawili ni watu.

Tuchukue sasa jambo ambalo kwa maoni yetu ni la aibu kidogo. Ardhi ya Uzigua imeandikiwa kitabu kinachosomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali. Mwaka 1992 mwanahistoria wa Kimarekani, James Giblin, alichapisha uchunguzi wake juu ya mazingira na utawala katika kaskazini mashariki ya Tanzania tangu 1840 hadi 1940, na kiini chake ni Handeni. Anaeleza jinsi wazee wetu walivyoweza kuzuia mbung'o na kupe kwa kulima, kwa kuchoma nyasi kwa wakati wake na kwa kuchunga. Jinsi akiba ya chakula ilivyokuwa mikononi mwa wakubwa waliowajibika kuwalisha watu wao. Na jinsi utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, kwa kodi na kwa kuwachukua watu kazini, ulivyovunja mpango huo. Pori likarudi, mbung'o wakarudi nalo, ng'ombe wakaisha. Njaa ya 1894 hadi 1896 na ile ya 1932 hadi 1935 hazikuletwa na ukame peke yake.

Hii ndiyo elimu ya mazingira! Mtoto wa Mazingara anayeambiwa kila mwaka kwamba Handeni ni wilaya kavu yenye njaa, kana kwamba Mwenyezi Mungu aliiumba hivyo na kuisahau, ana haki ya kuyajua hayo. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza na kimelala katika maktaba za wasomi. Mwalimu wake hajapata hata kurasa ishirini za muhtasari wake kwa Kiswahili.

Na si hicho tu. Katika miaka ya 1830 njaa iliwatoa Wazigua wengi kwao, wakauzwa utumwani hadi Somalia, wakaishi bonde la Juba kwa zaidi ya karne moja na nusu bila kuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi ya wajukuu zao walirudi katika nchi ya babu zao wakiwa wakimbizi. Wakapokewa Mkuyu, wakahamishiwa makazi ya Chogo wilayani Handeni mwaka 2003, na kufikia mwaka 2014 watu wapatao 1,500 kati yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Katika somo la uhamaji wa watu, mwalimu wa Handeni hufundisha mifano ya nchi nyingine, na huku mfano wenyewe umekaa dawati la tatu.

Tangu Juni 2022 mifano imezidi. Familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, jambo lililojadiliwa sana nchini na nje ya nchi. Yeyote mwenye maoni yake juu ya uhamisho ule atakubali kwamba mwalimu wa huko ana darasa lisilo la kawaida: watoto waliokulia nyanda za juu zenye baridi na ukungu, pamoja na watoto wa jembe waliokulia katika joto la Handeni. Mwalimu huyo angefaa kupewa msaada maalumu wa kufundisha malisho, maji na matumizi ya ardhi, ili watoto wa pande mbili wajifunze kutoka kwa wenzao kabla baba zao hawajagombana shambani. Na bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, limepangiwa kupita katika ardhi ya Handeni na Korogwe. Wataalamu wamepita vijijini na ramani zao. Shule zilizo kando ya njia hiyo hazikuachiwa hata moja.

Sasa tuseme juu ya mkaa, maana ndio unaoukata mzizi wa somo hili. Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Chalinze kwenda Segera huona magunia yamepangwa kando ya njia yakingoja magari ya Dar es Salaam. Gunia hilo ni msitu wa Handeni uliokwisha kuuzwa. Hatumlaumu yule mchoma mkaa, ambaye mara nyingi ni mzazi anayetafuta fedha ya sare na ya dawa. Tunasema tu kwamba mtoto wake yuko darasani siku hiyo hiyo anafundishwa umuhimu wa misitu, na mtoto hana jinsi ya kuyapatanisha mambo hayo mawili ikiwa mwalimu mwenyewe hakufundishwa jinsi ya kuyazungumza. Kuimba kwamba tukate mti tupande mti hakutoshi. Mwalimu yampasa aweze kuwafundisha watoto kuhesabu: gunia moja limekula miti mingapi, mti wa aina ile huchukua miaka mingapi kukua, kijiji kimepata shilingi ngapi na mfanyabiashara wa mjini amepata ngapi. Taifa limejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lengo hilo likitimia, soko la mkaa litapungua, na vijiji vinavyoutegemea vitahitaji watu wanaojua kuisoma ardhi yao upya. Watu hao leo wako darasa la tatu.

Wapo watakaosema kwamba mipango ya namna hii yataka fedha za wafadhili. Sisi twasema historia ya Chama na Serikali inakataa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, walimu hawakuwapo. Wakatafutwa vijana vijijini, wakawa wanafundisha huku wakifundishwa kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowafuata shuleni. Elimu ile ilikuwa na upungufu wake na wengi wameusema, wengine kwa dhihaka isiyo ya haki. Wazo la kumfuata mwalimu kazini kwake, hata hivyo, lilikuwa sahihi, na leo tumelipa jina jipya. Kadhalika mwaka 1980 kampeni ya Misitu ni Mali iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusoma, redio moja na kijitabu kimoja, kuzungumza juu ya msitu wa kijiji chao. Nchi ilikuwa na fedha kidogo kuliko sasa, tena mno.

Kinyume chake twaona vituo vya walimu. Nyumba hizo zilijengwa sehemu nyingi nchini kwa misaada, ili mwalimu apate mahali pa kuazima kitabu na kutengeneza zana. Misaada ilipokoma, vingi viligeuka ofisi, ghala, au nyumba ya popo. Kilichokosekana si kuta. Kilichokosekana ni fungu dogo la kila mwaka katika bajeti ya halmashauri yenyewe, na mtu wa kulisimamia.

Tunachokitaka hakizidi uwezo wetu. Idara ya Upimaji na Ramani ina ramani za nchi za kipimo cha 1:50,000, zinazoonyesha mto, njia, kilima na kijiji. Kila shule ya Handeni na Korogwe ipewe karatasi ya eneo lake, ibandikwe juu ya ubao na kupakwa kinga ya maji. Mtoto atakayekwenda sekondari, ambako jiografia hufundishwa kwa Kiingereza na mtihani wa kidato cha nne una swali la kusoma ramani, asiione ramani ya namna hiyo kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kuwa kijana. Kila shule iwe na kipima mvua, hata cha kopo na rula, pamoja na daftari la mvua lililo mali ya shule, ambalo mwalimu akihamishwa hulikabidhi kama anavyokabidhi funguo. Miaka kumi ya daftari kama hilo kutoka Mazingara, Sindeni na Mombo itatufundisha habari za vuli na masika kuliko hotuba. Mvua za Oktoba 2019 zilipoleta mafuriko Handeni na Korogwe, ni shule ngapi zilizoandika zimenyesha milimita ngapi?

Chuo cha Ualimu Korogwe kiko papo hapo. Wakati wa likizo kinaweza kuwapokea walimu wa wilaya hizi kwa juma moja, si kusikiliza mihadhara juu ya barafu ya ncha za dunia, bali kuandika pamoja kijitabu cha Kiswahili juu ya ardhi yao: mto, mkonge tangu Hindorf alipouleta Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893, njaa za Uzigua, Chogo, Msomera, mkaa. Walimu waandike wenyewe, na wataalamu wa maji, misitu na hali ya hewa wakae kando kuwasahihisha. Na wale wanaohudhuria semina kwa ajili ya posho tu, wakaja asubuhi kutia sahihi na kutoweka baada ya chai, wasiitwe tena. Twawajua.

Fedha ipo. Mkaa na mbao vitokavyo Handeni hutozwa ushuru, na sehemu ya ushuru wa mazao ya misitu huingia katika mfuko wa halmashauri. Ni haki kwamba sehemu ya fedha iliyotokana na mti uliokatwa irudi kumfundisha mtoto aliyeachiwa kisiki. Nauli ya walimu mara moja kila muhula, chakula cha mchana, ramani na makopo: gharama hizo ukizilinganisha na mafuta ya magari ya ziara za viongozi, sisi tukiwamo, hazitishi.

Mabaraza ya madiwani ya Handeni na Korogwe hukaa kila mwaka kupitisha makisio ya mapato na matumizi. Madiwani walio wengi ni wa Chama chetu, na ilani waliyoombea kura inazungumza juu ya elimu na mazingira. Basi katika kikao kijacho, diwani mmoja asimame, awe wa Mazingara au wa kata nyingine yoyote, aulize mbele ya wenzake: katika ushuru wa misitu uliokusanywa mwaka huu, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya mwalimu wa Jiografia na Mazingira? Mkurugenzi ajibu kwa tarakimu, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao.